Mtu Si Kioo

Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, Mama Vioo na mumewe walikuwa wamekwisha kugombana mara mbili. Mara ya kwanza juu ya funguo za gari. Mara ya pili juu ya namna ya kupakia.

"Sogeza gunia," mumewe alisema.

"Nimesogeza."

"Sogeza tena. Hapo linacheza."

"Linalocheza ni jicho lako, Fundi."

Mumewe alikuwa fundi wa vioo. Kila mtu alimwita Fundi, na mkewe pia. Alikata vioo vya madirisha na vioo vya kujitazama. Mkono wake ulikuwa hautetemeki. Lakini macho yake hayakuona mbali, kwa hiyo pikapu iliendeshwa na mkewe. Majirani walipata cha kucheka. "Anauzia watu vioo," walisema, "na mwenyewe haoni nguzo ya taa mpaka imgonge!"

Nyuma ya pikapu kulikuwa na fremu ya mbao, imesimama kama paa la nyumba. Vioo viliegemezwa pande zote mbili, gunia kati ya kioo na kioo, kisha kamba. Fundi alikuwa na sheria moja, na aliirudia kama sala.

"Kioo hakilazwi. Kilaze, gari lidumbukie kwenye shimo moja tu, utarudi nyumbani na vipande. Kioo husimama."

Na wakati wa kunyanyua aliimba, "Moja, mbili, juu!" Hakuna aliyethubutu kunyanyua kabla ya "juu". Miaka kumi na minane, hawakuwa wamevunja kioo hata kimoja barabarani. Fundi alijivunia jambo hilo kuliko jambo lolote, pengine kuliko ndoa yake.

Siku moja walikuwa wanapeleka vioo vya madarasa. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Barabara ilishuka kuelekea darajani. Mama Vioo aliona watu wamejaa upande wa kushoto. Akapunguza mwendo.

Kwanza aliona baiskeli. Gurudumu la mbele lilikuwa limekunjika kama karatasi. Kisha akaona vitambaa vya rangi rangi vimetapakaa mpaka mtaroni. Kisha akamwona mtu. Alikuwa amelala chali juu ya vumbi, kando ya lami.

"Simamisha!" Fundi alisema.

Alisimamisha pale pale, katikati ya barabara. Hakuwasha taa za hatari. Basi lililokuwa nyuma lilipiga honi na kukwepa, likapita nusura liguse kioo cha pembeni. Mama Vioo aliteremka bila hata kugeuka.

Watu walikuwa kama thelathini. Mmoja alikuwa anapiga picha kwa simu. Mwingine alikuwa anammwagia yule mtu maji usoni. Wengine walikuwa wanasema tu.

"Ni lori! Limemgonga, likakimbia!"

"Namba yake?"

"Nani angesoma namba? Lilikuwa linaruka!"

"Nani amepiga simu hospitali?" Mama Vioo aliuliza.

Wakatazamana.

"Si wamepiga," alisema mwanamume mmoja.

"Akina nani?"

"Wale."

Mama Vioo alitafuta hao "wale". Hawakuwepo. Kila mtu alidhani mwenzake amepiga.

Yule mtu alikuwa macho. Alikuwa mwembamba sana, na Mama Vioo akamtambua. Alikuwa mshonaji mwenye kibanda karibu na soko. Kwa wembamba wake mji mzima ulimwita Sindano.

"Mgongo," Sindano alisema. "Mgongo wangu jamani."

Kandambili moja ilikuwa imemtoka. Mguu ule ulikuwa mtupu, na vidole vyake vilikuwa vinacheza. Vilikuna vumbi polepole, kama mtu anayetafuta kandambili chini ya kitanda. Mama Vioo aliviona. Alikuja kuviona tena mara nyingi baadaye, usiku na mchana, bila kutaka.

"Huyu hawezi kulala hapa kwenye vumbi kama mzigo," alisema Fundi. Moyo wake ulikuwa mweupe, na alikuwa na haraka. "Nipisheni!"

Akamshika Sindano chini ya makwapa. Wanaume wawili wakashika miguu. "Moja, mbili, juu!"

Sindano alipiga ukelele mmoja. Mmoja tu. Kisha akanyamaza.

Nyuma ya gari hakukuwa na nafasi, kulikuwa na vioo. Basi wakamkalisha mbele, katikati. Fundi akamwekea gunia mgongoni, akamkaza wima kwa mkono, kama anavyokaza kioo. Watu wakapiga makofi. Mama Vioo akakanyaga mafuta.

Hakukwepa shimo hata moja. Kichwa cha Sindano kilikwenda huku na huku kama cha mtoto aliyesinzia. Walipovuka daraja, Sindano alifungua macho.

"Dada," alisema. "Miguu yangu mmeiacha wapi?"

"Unayo, kaka. Imo humu humu."

"Haimo, dada."

"Tulia. Tunafika."

Hospitali, mlango wa dharura, muuguzi mmoja alitoka mbio. Alikuwa jirani yao, nyumba ya pili. Walimwita Sista. Alipomwona Sindano amekaa wima kati yao, uso wake ulibadilika.

"Msimguse!" alipaza sauti. "Machela! Leteni na kola ya shingo! Nimesema msimguse!"

Mama Vioo alidhani Sista ana hasira za kazi.

* * *

Mtaa mzima ulisikia. Mwenye duka aliwapa soda. "Ninyi ndio watu," alisema. "Wengine wangepita." Picha yao ilizunguka kwenye simu za watu: Fundi amemkumbatia Sindano, shati lake limejaa vumbi. Fundi alikuwa hasemi sana, lakini alianza kutembea kifua mbele.

Sindano alikaa hospitali miezi minne. Alipotoka, alitoka kwa kiti cha magurudumu. Miguu ilikuwa imepooza kuanzia kiunoni. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu. Ndugu zake wakaiuza, wakamnunulia ndogo ya kuzungusha kwa mkono. Mkono wa kulia ulizungusha, wa kushoto ulivuta kitambaa. Kazi ya siku moja ikawa ya siku tatu, na wateja wenye haraka wakahamia kwingine.

Siku moja mke wa Sindano alibisha hodi kwa Mama Vioo. Alikuwa na kitu kimefungwa kwenye gazeti.

"Mume wangu amesema nguo ya kwanza ya mashine mpya ni ya aliyemwokoa."

Lilikuwa shati jeupe, kola ya buluu. Mishono yake ilikuwa imepinda kidogo upande mmoja. Fundi alilivaa siku hiyo hiyo. Akalivaa kila alipokwenda mahali pa maana. Na kila lilipochafuka, aliyelifua ni Mama Vioo. Kila alipolifua aliviona vile vidole vikikuna vumbi.

Vilikuwa vinacheza, alijiambia. Kabla hatujamnyanyua vilikuwa vinacheza. Kwenye gari akauliza miguu iko wapi.

Alikausha mikono yake, akaenda nyumba ya pili.

Sista alikuwa uani, anapiga pasi sare yake ya kazi.

"Nina swali," Mama Vioo alisema, "na usinifunike funike."

"Uliza."

"Yule Sindano. Miguu yake iliuawa na lori au na sisi?"

Sista aliacha pasi juu ya sare.

"Sijui," alisema. "Na hakuna daktari atakayekwambia kwa hakika. Lakini kwa nini unauliza?"

"Nilimwona anachezesha vidole vya miguu. Pale chini. Kabla."

Sista alifumba macho kidogo.

"Kaa," alisema. "Nitakwambia kama anavyoambiwa mtu mzima. Ndani ya mifupa ya mgongo na shingo kuna kamba laini ya mishipa ya fahamu. Kila unapotaka kunyanyua mguu, amri inapita humo. Mtu akigongwa, mfupa unaweza kuvunjika na kamba bado ikawa nzima. Mfupa uliovunjika una ncha. Akilala bila kutikiswa, kamba inaweza kupona. Ukimkunja, ukimkalisha, ukimrusha kwenye mashimo, ile ncha inaweza kuikata. Na ikikatika, haishoneki. Hata Sindano mwenyewe hawezi kuishona."

"Usinifanyie utani."

"Sifanyi utani. Sina utani leo."

Mama Vioo alitazama pasi. Ilikuwa imeanza kutoa harufu ya kitambaa kinachoungua. Hakuna aliyeisogeza mara moja.

"Ulijua tangu siku ile," alisema.

"Nilihisi."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Mtaa wote unawashangilia, mimi nije na maneno yangu? Nani angenisikiliza? Wangesema nina wivu. Hilo ni kosa langu, na sikatai. Tangu siku ile nimepokea watu wengine watatu waliokalishwa kwenye gari kama abiria. Watatu, Mama Vioo."

"Na sisi tungefanya nini? Tungemwacha?"

"Kumwacha alale si kumwacha. Mngekaa naye. Mngepiga simu. Mngemshika kichwa kisitikisike. Hicho ndicho kilichotakiwa, na hakuna aliyewahi kuwafundisha."

* * *

Fundi alipoambiwa, alipandisha sauti mpaka kioo cha kabati kikalia.

"Kwa hiyo ningemwacha afe kwenye vumbi?"

"Hakuwa anakufa. Alikuwa amelala."

"Mimi nilimwokoa! Kila mtu anajua!"

"Kila mtu hajui. Wewe ulikuwa umeshika makwapa. Mimi niliona miguu. Vidole vilikuwa vinacheza, Fundi."

Sauti ya Fundi ilishuka chini kabisa.

"Uliona vidole vinacheza. Na miezi yote hii unanifulia shati lile, unalipiga pasi, unanitazama nikilivaa. Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Usiku ule walilala migongo imeelekeana. Asubuhi hakukuwa na ugomvi wa funguo wala wa gunia. Mama Vioo aliukosa ugomvi ule kama mtu anavyokosa chumvi.

"Tutamwambia," Fundi alisema wakati wa kufunga kamba. "Hatuwezi kuendelea kunywa soda za watu."

Jioni walikwenda kwenye kibanda cha Sindano. Fundi alivaa lile shati. Mama Vioo alimwambia asilivae, lakini alikuwa na kichwa kigumu.

"Ooh, kaka yangu!" Sindano alisema kwa furaha. "Shati limekukaa. Karibuni. Mke wangu, wape viti."

Fundi hakukaa. Alisema yote kwa mkupuo, akitazama sakafu. Mama Vioo aliongeza habari ya vidole. Sindano alikuwa anazungusha mkono wa cherehani. Aliendelea kuzungusha, polepole, mpaka uzi ukakatika, na bado akaendelea kuzungusha.

Mkewe ndiye aliyesema kwanza.

"Si mngenyamaza tu?" Macho yake yalikuwa makavu. "Tulikuwa tumeshazoea. Lori lilimgonga, watu wema wakamwokoa. Basi. Tulikuwa na lori la kulilaani na watu wa kuwaombea. Sasa mmekuja kutupa nini? Ili ninyi mlale usingizi?"

"Kaka," Sindano alisema. "Vua shati."

Fundi alifungua vifungo kimoja kimoja. Alilikunja vizuri, akaliweka juu ya meza. Sindano hakuligusa. Fundi alirudi nyumbani kwa fulana ya ndani, akipita kati ya watu waliokuwa wanarudi kutoka kazini. Wengine walicheka. "Fundi, mkeo amekuvua leo?" Mama Vioo alitembea kando yake.

* * *

Sista ndiye aliyewasukuma.

"Mmemaliza kulia?" aliuliza baada ya wiki mbili. "Vizuri. Jumamosi naleta madereva na waendesha pikipiki uani kwenu. Fundi atalala chini, tutafanya mazoezi juu yake."

Wakaja watu kumi na tisa. Fundi alilala kwenye mkeka, amekodoa macho juu. Sista alisimama juu yake kama mwalimu mkali.

"Umefika penye ajali. La kwanza?"

"Nambeba!" alisema dereva mmoja.

"La kwanza ni wewe mwenyewe usigongwe. Egesha gari pembeni. Washa taa za hatari. Weka alama ya pembetatu nyuma, mbali, magari yaione kabla ya kufika. Gari lililoanguka lizimwe injini. Asivute mtu sigara, mafuta huwa yamemwagika. La pili, simu. Usiseme 'jamani pigeni simu'. Wakisikia 'jamani', kila mtu anadhani ni mwenzake. Mnyooshee mtu kidole. 'Wewe mwenye shati la kijani, piga sasa, niambie wamesema nini.' Aseme mahali, aseme wangapi wameumia, aseme hali yao."

"Halafu nambeba."

"Wewe mbona una hamu ya kubeba? Kazi yako ni upagazi?" Watu wakacheka. Sista hakucheka. "Humbebi. Unamuacha alivyo, ila kama pana moto, au maji, au magari yatamkanyaga na huwezi kuyazuia. Unapiga magoti kichwani kwake. Unashika kichwa kwa mikono miwili, hivi, kikae sawa na mwili. Unaongea naye. Anatoka damu? Mwenzako anabana kidonda kwa kitambaa safi, anabana kweli kweli, haachii. Maji ya kunywa, hapana. Chakula, hapana. Amevaa helmeti na anapumua? Iache. Akitapika, mnamgeuza ubavu, kichwa na mwili kwa pamoja kama gogo. Na kama hapumui kabisa, hapo pumzi inatangulia mgongo. Hilo tutalifanya Jumamosi ijayo, lina mazoezi yake."

"Na gari la wagonjwa lisipokuja?" aliuliza Mama Vioo. "Maana tusidanganyane. Mara ngapi linakuja?"

"Swali zuri. Lisipokuja kabisa, mnambeba amelala, juu ya ubao mgumu, watu wasiopungua watano. Aliyeshika kichwa ndiye anayetoa amri. Hakuna anayenyanyua kabla yake. Fundi, hiyo 'moja, mbili, juu' yako ni nzuri sana. Hukukosea kuhesabu. Ulikosea kumkalisha wima. Mtu si kioo."

Fundi, pale chini, aligeuzia uso ukutani.

"Usitikise shingo, mgonjwa!" Sista alimkemea.

Kesho yake Fundi alikata ubao mrefu kuliko yeye. Akaupiga randa mpaka ukawa laini, akautoboa mashimo ya kushikia pande zote. Akaufunga juu ya fremu ya vioo kwenye pikapu. Mama Vioo akanunua pembetatu na glovu. Havikushuka tena kwenye gari lile.

* * *

Ilipita karibu mwaka. Adhuhuri moja, barabara nyingine, jua kali. Pikipiki ilikuwa imeteleza kwenye mafuta. Aliyeanguka alikuwa msichana, tarishi wa ofisi fulani. Bahasha zilikuwa zinapeperuka. Watu walikuwa wameshamshika mabega.

"Mwacheni!" Mama Vioo alipaza sauti kabla hajafunga mlango wa gari. Gari lilikuwa pembeni. Taa zilikuwa zinawaka. Fundi alikuwa anasimamisha pembetatu nyuma. "Mrudisheni chini taratibu. Kisha mikono juu! Wewe mama mwenye kapu, piga simu hospitali. Sasa hivi, na uniambie wamesema nini."

Fundi alipiga magoti kwenye lami iliyowaka. Akakishika kichwa cha msichana pamoja na helmeti yake.

"Shingo inauma," msichana alisema.

"Najua, mwanangu. Usigeuke. Nitazame mimi. Mimi ni mbaya wa sura, lakini nitazame hivyo hivyo."

"Wamesema gari liko njiani," alisema mama mwenye kapu.

Dakika kumi zikapita. Ishirini. Mama Vioo alikuwa amenyoosha gunia kumkinga msichana na jua. Mikono yake iliwaka moto begani. Watu walizidi kuongezeka, na walikuwa na hasira.

"Ninyi watu gani? Mna gari hapo, mnamwacha mtoto wa watu chini!"

"Wanaogopa damu isichafue kiti!"

"Mnasubiri afe?"

"Tunasubiri asilemae," Mama Vioo alijibu. "Gari la wagonjwa likikataa kuja, tuna ubao pale, tutambeba amelala. Mpaka hapo, hakuna kumgusa."

"Ubao! Mmemtengenezea jeneza kabisa!"

Mtu alirusha bonge la udongo. Lilimpata Fundi mgongoni. Hakugeuka, maana angegeuka, mikono ingetikisika. Mwingine alikuwa anawapiga picha. Mama Vioo aliutambua mkono ule unaonyanyua simu. Siku ile ya Sindano, yeye na Fundi walipokosea, watu waliwapigia makofi.

Gari la wagonjwa lilifika baada ya dakika arobaini na tano. Wahudumu walimvisha msichana kola, wakamtelezesha kwenye machela. Mmoja aliuliza, "Nani alimshika kichwa?" Fundi alijaribu kunyoosha mkono. Vidole vilikuwa vimekakamaa, havikufunguka.

Jioni video ilikuwa kwenye kila simu. *Wenye pikapu wakataa kumbeba majeruhi.* Mteja mmoja alipiga simu akasema vioo vyake asiletewe, hafanyi kazi na watu wasio na utu. Mwenye duka, yule wa soda, aligeuza uso.

"Nisimame nimweleze?" Fundi aliuliza.

"Utawaeleza wangapi?" Mama Vioo alisema. "Panda gari."

* * *

Miezi miwili baadaye, msichana alikuja kwenye duka lao la vioo. Alikuja kwa miguu. Alikuwa bado anageuza mwili mzima kila alipotaka kutazama pembeni, lakini alikuwa anatembea.

"Mfupa wa shingo ulikuwa umevunjika," alisema. "Daktari amesema ningenyanyuliwa vibaya kidogo tu, ningekuwa nalishwa kwa kijiko mpaka leo. Nimekuja kuwashukuru."

Fundi alitazama miguu yake. Viatu vyeusi vya bei rahisi, vumbi kwenye ncha. Alivitazama kwa muda mrefu mpaka msichana akaona haya.

"Usitushukuru sisi," Fundi alisema. "Mke wangu atakupeleka kwa mtu mmoja. Mwambie ulichoniambia mimi."

Mama Vioo alimpeleka mpaka karibu na soko. Hakushuka. Tangu siku ya shati hakuwa amekanyaga pale, na hakuna aliyemkaribisha tena. Aliegesha ng'ambo ya barabara, akashusha kioo cha dirisha.

Kibanda kilikuwa wazi. Sindano alikuwa kwenye kiti chake, mkono mmoja unazungusha mashine. Nyuma yake, kwenye msumari, lilining'inia shati jeupe lenye kola ya buluu. Hakuwa amempa mtu. Hakuwa amemrudishia Fundi.

Msichana aliingia, akasema maneno yake. Alionyesha shingo. Alionyesha upande wa gari. Sindano alitazama ng'ambo ya barabara, akamwona Mama Vioo. Hakupunga mkono. Hakutikisa kichwa.

Kisha aliacha kuzungusha mashine.

"Tembea," alimwambia msichana. "Kutoka hapo mlangoni mpaka kwenye ile meza."

Msichana hakuelewa, lakini alitembea. Alikwenda mpaka mezani. Akarudi mlangoni.

Sindano alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya magoti yake, ameinamisha macho sakafuni, pale miguu ya msichana ilipokuwa inapita.

"Tembea tena," alisema.